Mgeni Hajanawa

Mbonile alikuwa mtu wa kula upesi, na jambo hilo hakulionea aibu hata siku moja mpaka mke wake alipokuwa ameshazikwa.

Alizaliwa Mbangala, katika nyumba yenye watoto wanane na sinia moja. Pale mwenye mkono mzito alilala na njaa, na mama yao hakuwa na faraja ya kumpa zaidi ya kumwambia kesho awahi. Alipokua akahamia Tunduma, akapata kazi iliyomwongezea kasi badala ya kumpunguzia: kazi ya kusogeza malori kwenye foleni. Foleni ya kuvuka kwenda Zambia huanza mpakani na kurudi nyuma kilomita nyingi, na dereva aliyetoka Dar es Salaam na mzigo hana tena nguvu ya kukaa macho akisubiri lori la mbele lisogee hatua kumi. Anamwachia ufunguo mtu kama Mbonile, yeye anakwenda kulala. Lori la mbele likisogea, Mbonile anasogea. Akichelewa dakika mbili, mwingine anachomekea, na nafasi iliyopotea hairudi.

Basi alikula amesimama, kwenye banda la mama lishe aitwaye Recho, jicho moja kwenye sahani na jingine kwenye taa za nyuma za lori lililo mbele yake. Tonge lake lilikuwa kubwa kama yai la bata. Akimeza la mwisho, ananawa na kukimbia.

Nyumbani kwake, mtaa wa Chapwa, alikula vivyo hivyo, ingawa nyumbani hapakuwa na foleni.

Walikuwa wawili tu, yeye na Atuganile. Mungu hakuwajalia mtoto, na baada ya miaka kadhaa waliacha kulizungumza. Kwa miaka ishirini na miwili walikula sahani moja, kila mtu kwenye kigoda chake, meza fupi katikati. Mbonile alikula, akajimiminia maji, akajifuta kwenye suruali, akawasha redio. Atuganile naye alirudisha mkono wake, akakusanya vyombo, akaenda jikoni. Kama angeulizwa, Mbonile angesema mke wake ni mtu wa kula kidogo. Kwa kweli aliwahi kusema hivyo bandani kwa Recho, tena kwa kujisifu: "Mke wangu mimi hana gharama. Matonge manne matano, ameshiba."

Atuganile alifariki mwezi wa pili, kwa ugonjwa wa figo uliojulikana ukiwa umeshakomaa. Aliomba azikwe kwao Ibaba, kwenye milima ya Ileje. Ndugu wa Mbonile walinuna, wakasema mke huzikwa kwa mumewe. Mbonile akawaambia kwamba aliyesema ni marehemu, na yeye hana ubavu wa kubishana na marehemu. Wakamzika Ibaba, mvua ikinyesha, udongo ukishika kwenye majembe.

Mwezi wa nne alipanda tena mlima, na mabegi mawili ya nguo za marehemu ili ndugu zake wagawane kama ilivyo desturi. Alimkuta baba mkwe wake, Mzee Sadock, ameketi kwenye kiti cha kukunja mbele ya nyumba, koti la kanisani mabegani. Mzee alikuwa amepita miaka themanini. Mkewe alikuwa amemtangulia miaka mitano iliyopita, na sasa alikuwa anaishi na binti yake wa mwisho, Tumpale, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika.

Tumpale alichinja kuku. Akawatengea wanaume wawili sebuleni, sahani moja ya ugali, bakuli moja la kuku, akawanawisha, akarudi jikoni. Mzee akaomba. Halafu wakala.

Mbonile alikula kama alivyokula siku zote. Hakuwa na haraka ya kwenda popote; mkono wake ndio uliokuwa na haraka. Lililokuwa upande wake wa sahani likaisha, akavuta jagi, akajimiminia maji juu ya beseni. Mzee Sadock alikuwa ameshika tonge dogo, analiviringisha polepole kwa vidole vinavyotetemeka. Aliposikia maji yakimwagika, akaliweka tonge lile ukingoni mwa sahani, akanyoosha mikono naye anawe.

"Umekula, mkwe?"

"Nimekula, baba. Nimeshiba."

"Basi na mimi nimeshiba. Tumshukuru Mungu."

Tumpale alikuja kuondoa vyombo. Aliiangalia sahani kwa muda mrefu kuliko mtu anavyoangalia sahani.

Baadaye, Mbonile alipokuwa amesimama kwenye mibuni nyuma ya nyumba, shemeji yake alimfuata.

"Shemeji, nina neno. Usinikasirikie."

"Sema tu."

"Baba hajala."

"Amesema ameshiba. Umemsikia mwenyewe."

"Sasa ulitaka asemeje? Mgeni ameshanawa."

Mbonile hakuelewa. Tumpale akavunja kijiti kwenye mbuni, akawa anakimenya ganda huku anazungumza, bila kumtazama usoni.

Katika nyumba hii, alisema, maji yakishamwagika chakula kimefungwa. Akiwapo mgeni, mgeni ndiye anayekifunga. Asipokuwapo mgeni, ni mwenye nyumba. Mwingine yeyote akiendelea kula baada ya hapo, ni kama anamwambia mkubwa wake kwamba hakumwachia chakula cha kutosha. Babu yao alikula hivyo, baba yao anakula hivyo.

"Na mkwe hawi mwenyeji hata azeekee humu ndani. Wewe ni mgeni wa baba miaka yote."

"Kwa hiyo miaka yote nikija hapa..."

"Baba analala na tonge tano. Anangoja chai ya asubuhi. Mama alipokuwa hai alikuwa anamchomea kiazi kwa siri. Mimi nikimpelekea anakataa, anasema nitamzoesha utoto."

Mbonile alitazama chini, kwenye majani makavu ya kahawa. Lilikuwapo swali moja tu lililobaki, na hakutaka kuliuliza. Akauliza.

"Na dada yako?"

"Dada ni wa nyumba hii hii, shemeji."

"Pale kwangu mgeni ni nani? Tulikuwa wawili."

"Pale kwako mwenye nyumba ni wewe."

Mbwa wa jirani alibweka mara moja, akanyamaza.

"Mkija hapa," Tumpale aliendelea, sasa kwa sauti laini kidogo, "mimi nilikuwa namwekea chakula chake jikoni. Nyinyi mkitoka kuongea nje, anaingia anakula mara ya pili. Anakula mpaka namcheka. Namwambia, we dada, huko Tunduma mnafunga?"

"Anasema nini?"

"Anasema, mume wangu kazi yake ni ya mbio, usimseme. Alikuwa anakutetea. Usidhani alikuwa anakusengenya."

"Angeniambia tu. Neno moja."

"Mtu atamwambiaje mumewe kwamba unaninyima, wakati humnyimi? Chakula kipo, sahani imejaa, wewe umenawa tu. Ataanzia wapi?" Akakitupa kile kijiti. "Na usimfanye mjinga. Dada alikuwa na njia zake."

Njia zake Mbonile alizikuta mwenyewe aliporudi Chapwa.

Jikoni, nyuma ya debe la unga, kulikuwa na kisufuria kidogo chenye mfuniko uliobonyea. Alikuwa amekiona miaka na miaka, wala hakuwahi kujiuliza kazi yake. Sasa alikichukua, akakaa nacho kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, mahali alipopenda kukaa Atuganile baada ya chakula. Akakumbuka siku moja aliyorudi kuchukua tochi akamkuta amekaa hapo, kisufuria mapajani, anakula taratibu huku anatazama kuku wa jirani wakipekua. Mbonile alimtania: "Wewe mwanamke unakula kama mwizi." Atuganile alicheka. Akakifunika kile kisufuria kwa pindo la kitenge, akasema, "Nenda bwana, foleni itakuacha."

Alikwenda. Foleni haikumwacha.

Mbonile alikaa kwenye ngazi ile mpaka kuku wa jirani wakaenda kulala. Aliwaza kama ni njaa hiyo iliyomuua mkewe. Alijua siyo, daktari alisema figo, na Atuganile alikuwa na mwili wake wa wastani mpaka ugonjwa ulipomwanza. Lakini hilo halikumpa nafuu. Matonge aliyokula kwenye kisufuria kile alikuwa ameyala peke yake, hatua sita kutoka kwa mume wake, huku mume anasikiliza redio.

Akaamua kujifunza kula polepole. Ni jambo la kuchekesha kwa mtu wa miaka hamsini na moja, na hakumwambia mtu.

Siku ya kwanza alipika ugali, akakaa kwenye kigoda chake, akawasha redio wakati wa taarifa ya habari. Alijiwekea sharti: asinawe kabla taarifa haijaisha. Alipomeza tonge la mwisho, msomaji alikuwa bado kwenye muhtasari. Mbonile akakaa, vidole vimekauka kwa ugali, akisikiliza habari za mbolea, habari za daraja, habari za mpira, mbele yake sahani tupu.

Siku iliyofuata alipunguza tonge. Badala ya yai la bata likawa kama karanga iliyovimba, na kila akilimeza alilaza mkono gotini kabla ya kuupeleka tena kwenye sahani. Mkono haukukubali. Ulikuwa unarudi wenyewe, kama ng'ombe aliyezoea njia ya mtoni. Akajaribu kuukalia ule wa kushoto, kana kwamba ndio wenye kosa. Akaliondoa jagi mezani, akaliweka nje mlangoni, ili kunawa kuwe safari. Wiki mbili zikapita kabla hajafika kwenye habari za mbolea.

Na alipopunguza mwendo ndipo alipogundua kitu ambacho haraka ilikuwa inamfichia: nyumba ilikuwa kimya mno. Mtu anayekula kwa dakika nne hana muda wa kuona kigoda cha mbele yake. Anayekula kwa dakika ishirini anakiona. Anauona mguu wake mmoja uliofungwa waya, anaona jinsi kilivyong'aa katikati. Mara mbili tatu Mbonile alisimama ili akigeuzie ukutani, akarudi akaketi. Alikula upande wake wa sahani, upande wa pili akauacha kama ulivyo, na asubuhi akaula kama kiporo kwa chai.

Kazini walianza kumwona.

"Mbonile," Recho alimwambia siku moja, akiwa na mwiko mkononi, "wewe si ndiye uliyekuwa unaacha sahani inafuka moshi? Siku hizi unakula kama bibi harusi."

"Jino."

"Jino gani miezi mitatu? Ling'oe. Au chakula changu kimekuwa kibaya?"

"Kizuri, dada Recho. Ndiyo maana nakitafuna."

Felix, mwenzake wa foleni ambaye walianza naye kazi mwaka mmoja, alikuwa ameshamaliza na anachokonoa meno. Alimwita mudala, kama Wazambia wa ng'ambo wanavyomwita mtu mzima. "Mudala, hayo maharage unayatafuna au unayahesabu?"

"Nayatafuna."

"Katafunie kwenye usukani. Mbele wamesogea."

Mbonile aliangalia. Ni kweli walikuwa wamesogea. Mkononi alikuwa na tonge alilokwisha kulichovya. Zamani angelitupa mdomoni huku anakimbia. Safari hii alilipeleka mdomoni, akalitafuna, akalimeza, ndipo akaomba maji. Alipofika kwenye lori, malori matano yalikuwa yameshachomekea mbele yake, na dereva mwenye lori, aliyeamshwa na honi, alikuwa amesimama barabarani na shuka begani, anauliza kwa sauti huyu mzee ni dereva au mhudhuria harusi. Watu walicheka. Kwa wiki nzima hakuna aliyempa Mbonile ufunguo.

"Umepatwa na nini?" Felix alimuuliza, safari hii bila utani.

"Najifunza kula."

Felix alimtazama kama mtu anayetaka kuuliza zaidi, akaona heri asiulize. "Haya," alisema. "Basi mimi nitakuwa naangalia mbele, wewe kula." Na kuanzia siku hiyo alimwangalizia kweli. Lori likisogea alipanda yeye, akalisogeza, akarudi kuchokonoa meno.

Mwezi wa kumi Tumpale alipiga simu.

"Shemeji, baba anakonda. Mkanda ametoboa tundu mbili mpya."

"Mmempeleka kupima?"

"Tumempeleka kituo cha afya. Hana malaria, hana presha, hana sukari. Wanasema ale tu. Namtengea, anakula tonge tatu, anaita maji. Anasema mtu mzima kula peke yake ni kama anajificha."

"Kula naye wewe."

"Nile sahani moja na baba yangu, sebuleni? Alivyo mzee wa kanisa? Atafunga kabisa." Akashusha sauti. "Ukija kujengea kaburi, kaa. Usije ukanawa ukaondoka."

"Nitakaa."

"Nakuomba, shemeji. Anakungoja. Hasemi, lakini juzi ameuliza kama mvua zimeanza huko Tunduma."

Mbonile alielewa. Kaburi hujengewa kabla ya mvua, na mzee alikuwa anahesabu.

Alipanda Ibaba wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja, mifuko ya saruji imetangulia na gari la viazi. Kwapani alikuwa amebeba turubai kuukuu la lori, alilopewa na Felix. Fundi wa kijijini alianza alfajiri, na kufikia saa sita saruji ilikuwa imelainishwa, jina limeandikwa kwa msumari: ATUGANILE SADOCK. Mawingu yalikuwa yameshaanza kushuka kutoka mlimani. Mbonile alilifunika kaburi kwa turubai, akalifunga kamba pande nne kwa fundo la malori, lile lisilofunguka hata kwenye mteremko. Kazi hiyo mikono yake iliijua, akaifanya upesi, wala hapakuwa na ubaya.

Halafu akaingia ndani, kula.

Mzee Sadock alikuwa ameshaketi. Koti la kanisani lilimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Tumpale aliwanawisha, na alipokuwa anamwagia shemeji yake maji alimtazama mara moja tu, akaenda. Jagi aliliacha pembeni ya mguu wa Mbonile, kama desturi ilivyotaka. Mzee akaomba, sala fupi, akataja jina la binti yake, akasema amina.

Mbonile akakata tonge dogo.

Mzee akakata lake. Vidole vilikuwa vinatetemeka kuliko mwezi wa nne. Lilichukua muda kuviringika, likachukua muda kufika kwenye mchuzi, likachukua muda kupanda. Mbonile alilaza mkono gotini, akangoja. Tonge la mzee lilipoteremka kooni, ndipo akakata la pili.

Walikula hivyo. Mvua ilianza, kwanza matone juu ya bati, kisha ikashika. Katikati ya mvua waliweza kusikia sauti nyingine, nzito kidogo, ya maji yanayopiga turubai huko nje.

"Umelifunga vizuri?" mzee aliuliza.

"Nimelifunga, baba. Halipati maji."

"Vizuri."

Mzee akachukua firigisi iliyokuwa juu ya bakuli, fungu la mgeni, akaiweka upande wa mkwe wake. Mbonile akaikata vipande vidogo kwa kucha, akaanza kukitafuna kimoja. Simu ikatetemeka mfukoni. Akaiacha itetemeke. Ikanyamaza, ikaanza tena, ikanyamaza.

"Wanakuita kazini," mzee alisema.

"Watangoja."

Mzee aliinua macho. Alimtazama mkwe wake, akatazama jagi, akatazama sahani ambayo upande wa Mbonile ulikuwa bado na kilima. Akakata tonge jingine, na hili lilikuwa kubwa kidogo kuliko yaliyotangulia.

Ugali ulikuwa umeanza kupoa, mchuzi umefanya utando wa mafuta. Mbonile alikuwa ameshashiba, lakini aliendelea kukata vitonge vya kupoteza muda, kila kimoja kidogo kuliko cha kwanza. Mara moja mkono wake wa kulia ulishuka wenyewe kuelekea jagi. Aliuona ukishuka. Akaurudisha.

"Atuganile," mzee alianza, na mvua ikamlazimu kupaza sauti, "alikuwa mtoto wa kula polepole. Sijui kama unajua."

"Sijui, baba."

"Ah. Alikuwa anatuchosha. Wenzake wanamaliza, wanakwenda kucheza, yeye yupo. Anachukua harage moja, analiangalia, ndipo anakula. Mama yake anamwambia, Atu, mbuzi wanarudi hao. Basi mimi nikawa sinawi." Akacheka kidogo, mdomo hauna meno. "Mwenye nyumba nikinawa, mtoto atalala njaa. Nikawa nakaa na mkono mkavu, namngoja. Mkono umekauka ugali, unawasha. Mama yake ananicheka, anasema utamlea hivi mpaka aolewe."

Akapeleka tonge mdomoni. Akalitafuna kwa fizi, taratibu, akitazama mlangoni.

"Nikasema, akiolewa atangojwa na mumewe."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mzee anayekumbuka maneno yake ya ujana, na huenda hakujua limeangukia wapi. Lakini Mbonile aliacha kutafuna. Kipande cha firigisi kilikuwa mdomoni, hakishuki wala hakitoki. Machozi yakaja, tena si yale ya msibani ambayo mtu huyalia pamoja na watu. Alitaka kusimama. Alitaka atoke nje kwenye mvua, aende kwenye mibuni, apige kelele pale asiposikika. Nusu ya mwili wake ilikuwa imeshainuka.

Akisimama, chakula kimefungwa.

Aliketi. Alishika tonge mkononi na machozi yakamtiririka mpaka kwenye kidevu, yakadondoka kwenye suruali, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na ugali na mwingine ulikuwa umeshika goti kwa nguvu zote. Mzee Sadock hakumtazama. Alivuta bakuli karibu yake, akachovya, akala. Akavunja paja la kuku, akainyonya mifupa mmoja mmoja. Akala upande wake wa sahani mpaka weupe wa sahani ukaonekana, kisha akavuka kidogo upande wa mkwe wake, kama mtu anayekula na mwanawe.

Mvua ikapungua. Mbonile akameza.

Kisha likatokea jambo ambalo katika miaka ishirini na miwili halikuwahi kutokea. Mzee alinyoosha mkono kuelekea mguuni pa mkwe wake, akalishika jagi mwenyewe kwa mikono miwili, akajimiminia maji juu ya beseni, yakamwagika mengine sakafuni. Akanawa. Akajifuta kwa pindo la koti.

Mbonile akaliweka tonge lake ukingoni mwa sahani haraka, akanyoosha mikono.

"Ah, ah," mzee alisema. "Wewe bado."

"Baba, umeshanawa."

"Nimenawa kwa sababu nimeshiba. Wewe ni mgeni, hujanawa. Kula." Akaegemea kiti. Akaviweka viganja vyake vyenye maji juu ya magoti. "Kula, mwanangu. Mimi sina pa kwenda."

Mlangoni kwa jikoni Tumpale alikuwa amesimama na kitambaa cha meza mkononi. Aliiona sahani, akarudi nyuma taratibu bila kuingia.

Ugali ulikuwa baridi kabisa. Mbonile alilichukua tena lile tonge alilokuwa ameliacha ukingoni, akalichovya kwenye mchuzi ulioganda, akalipeleka mdomoni, na baba yake Atuganile akamngoja.